Mchungaji Dkt. Bruno Gutmann (1876–1966) na Malezi ya Watu Wazima Katika Imani

Utangulizi

Tunapomshukuru Mungu kwa miaka mia moja ya usharika wetu, ni wajibu wetu kuwakumbuka pia watumishi waliotutangulia ambao kazi yao iligusa sharika nyingi za Kilutheri katika mlima huu wa Kilimanjaro. Miongoni mwao yumo Mchungaji Bruno Gutmann wa Misioni ya Leipzig, ambaye aliutumikia usharika wa Kidia, Old Moshi, kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote alipopata kufanya kazi. Wataalamu wa mila na desturi wanamkumbuka kwa vitabu vyake kuhusu Wachagga. Sisi tunataka kumkumbuka kwa jambo jingine, nalo ni namna alivyoyatazama mafundisho ya watu wazima waliotaka kubatizwa.

Tumelichagua jambo hili kwa sababu wazee walioanzisha sharika zetu hawakubatizwa wakiwa watoto wachanga. Walikuja wakiwa watu wazima, wenye nyumba, ng'ombe, madeni, ahadi na ugomvi. Kila mmoja wao alipita katika darasa la wakatekumeni. Kwa hiyo historia ya darasa hilo ndiyo mwanzo wa historia yetu sote.

Kuzaliwa na Kuitwa

Bruno Gutmann alizaliwa tarehe 4 Julai 1876 katika mji wa Dresden, Saksonia, nchini Ujerumani. Hakukulia katika utajiri. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya ukarani kabla ya kuingia katika seminari ya Misioni ya Leipzig mwaka 1895. Huko Leipzig alifundishwa theolojia ya Kilutheri, na pia aliathiriwa sana na mawazo ya Profesa Wilhelm Wundt, mwanachuoni aliyefundisha kwamba akili na roho ya mwanadamu haziwezi kueleweka pasipo kuijua lugha, desturi na jamii iliyomlea.

Kutokana na mafundisho hayo mawili, lilizaliwa swali lililomfuata maisha yake yote: Injili inapomfikia mtu, je, humwondoa kwa watu wake, au humrudisha kwao akiwa mtu mpya?

Katika seminari hiyo alijifunza pia Katekisimo Ndogo ya Martin Luther. Luther aliitoa mwaka 1529, baada ya ukaguzi wa sharika za Saksonia kumwonyesha kwamba watu wengi waliobatizwa hawakujua hata Amri Kumi, Imani, wala Sala ya Bwana. Luther aliikusudia hasa kwa wachungaji wasio na elimu ya kutosha, na kwa baba wa nyumba apate kuwafundisha jamaa zake mezani. Tangu mwanzo, basi, Katekisimo ilikuwa kitabu cha nyumbani kama ilivyokuwa kitabu cha darasani.

Kilimanjaro Aliyoikuta

Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na kituo cha Kidia kilianzishwa mwaka 1896. Gutmann aliwasili Kilimanjaro mwaka 1902. Nchi ilikuwa na jeraha bichi. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu serikali ya Kijerumani ilipomnyonga Mangi Meli wa Old Moshi pamoja na viongozi wengine, mnamo Machi 1900. Mmisionari Mjerumani aliyepanda mlima wakati huo alikuja kuhubiri amani mahali ambapo watu wa taifa lake walikuwa wamemwaga damu.

Alianza kazi Mamba, kisha Machame, na baadaye akawa mwanzilishi wa kituo cha Masama. Baada ya kipindi cha mapumziko nyumbani kwao, alirudi na kupewa kazi ya Old Moshi mwaka 1910. Tangu hapo jina lake na jina la Kidia vikawa kitu kimoja.

Kusikiliza Kabla ya Kufundisha

Gutmann alijifunza Kichagga kwa bidii, akaketi na wazee, akawauliza na kuandika. Kitabu chake cha kwanza kikubwa kuhusu fikra na masimulizi ya Wachagga kilitoka mwaka 1909. Mwaka 1914 alitoa kitabu cha hadithi zao. Mwaka 1926 alitoa kitabu kinene kuhusu sheria za Wachagga, na kati ya mwaka 1932 na 1938 alichapisha majuzuu matatu ya mafundisho ya jando na unyago.

Msomaji anaweza kujiuliza sababu ya mchungaji kutumia miaka mingi hivyo akiandika mafundisho ya jando. Jibu linahusu mafundisho ya ubatizo moja kwa moja. Gutmann aligundua kwamba Wachagga walikuwa na shule ya watu wazima kabla ya mmisionari yeyote kufika. Kijana aliyekuwa anaingia katika utu uzima hakuachwa ajifunze peke yake. Alipewa mwangalizi, mtu aliyemtangulia kwa umri, wa kumshika mkono. Mwalimu alitumia nyimbo, mithali na mafumbo. Palikuwa na kijiti kiitwacho mregho, chenye alama zilizochongwa kwa utaratibu, na kila alama ilikuwa na somo lake: mwili wa binadamu, uzazi, heshima kwa wazazi, mipaka ya kihamba, wajibu kwa jirani. Mwalimu alipitisha kidole kwenye alama moja baada ya nyingine, na mwanafunzi aliirudia mpaka somo limkae moyoni.

Gutmann aliona hatari iliyokuwa mbele ya Kanisa. Ikiwa ukoo ulimlea mtu kwa uvumilivu mkubwa namna ile, kisha Kanisa likaja na orodha ya majibu ya kukariri na kumbatiza baada ya kuyataja, mtu huyo angeona kwamba Mungu wa Wakristo anadai kidogo kuliko wazee wake. Angevaa jina jipya juu ya maisha yale yale.

Darasa la Wakatekumeni

Katika sharika za Misioni ya Leipzig, ubatizo wa mtu mzima haukuwa jambo la haraka. Aliyetaka kubatizwa alisikiliza kwanza Neno katika ibada, kisha akaandikishwa na kuanza mafundisho yaliyochukua muda mrefu. Alifundishwa kwa Kichagga, lugha aliyoitumia kuota ndoto na kugombana, kwa kuwa wamisionari hawa waliamini kwamba toba isiyosemwa kwa lugha ya mama haijafika ndani. Alisimuliwa habari za Biblia tangu uumbaji hadi Pentekoste, akajifunza Amri Kumi, Imani, Sala ya Bwana, na maana ya Ubatizo na Meza ya Bwana.

Lakini maarifa peke yake hayakutosha. Wazee wa usharika walitakiwa kuyajua maisha ya mwombaji. Je, amepatana na ndugu yake? Amelipa alichokopa? Anamtendeaje mkewe? Masuala ya tambiko, ya uganga na ya ndoa ya wake wengi yaliwachelewesha wengi, na wengine yaliwazuia kabisa. Tusifiche kwamba uamuzi kuhusu wake wengi uliacha machozi katika nyumba kadha wa kadha, hasa kwa wanawake na watoto wao. Ni jambo ambalo Kanisa la Afrika lilibaki nalo kama swali zito hata baada ya wamisionari kuondoka.

Hatimaye, ilipofika siku ya ubatizo, wakatekumeni walisimama mbele ya usharika mzima, wakamkana shetani, wakakiri imani na kupokea majina mapya. Wakristo wengi wa Kilimanjaro walipewa majina ya lugha yao wenyewe yenye kumtaja Mungu, na mpaka leo majina yanayoanza na Eli yanasikika katika kila usharika wa mlimani. Majina haya yanatukumbusha kwamba aliyebatizwa hakuambiwa aache kuwa mtoto wa watu wake.

Nguzo Tatu

Mchango wa pekee wa Gutmann ulihusu kinachofuata baada ya maji kukauka usoni. Aliona kwamba kwa Mchagga kulikuwa na vifungo vitatu vilivyomshika mtu tangu kuzaliwa: ukoo, ujirani na rika. Aliviita vifungo vya asili ambavyo Mungu mwenyewe aliviweka, na akaamini kwamba usharika unapaswa kujengwa juu yake.

Kwanza, ukoo. Kihamba cha migomba kilikuwa urithi wa ukoo, na masale yaliyopandwa mpakani yalikuwa alama ya mpaka, na pia alama ya kuomba msamaha. Gutmann alitaka ukoo ulio na Wakristo uwajibike kwa wakatekumeni wake. Kwake imani ilikuwa jambo la nyumba nzima, na mkubwa wa nyumba alikuwa na wajibu wa sala na mafundisho, kama Luther alivyokusudia.

Pili, ujirani. Watu walioishi kando ya mfereji mmoja walilazimika kuutunza kwa pamoja. Mfereji ukiziba kwa mmoja, wote wanakosa maji. Kwa mfano huo, usharika uligawanywa katika mitaa, na kila mtaa ulikuwa na wazee wake. Wazee walisuluhisha ugomvi, walitembelea wagonjwa na kuwajua walioacha kuja ibadani. Kabla ya Chakula cha Bwana majirani walitazamiwa kupatana, ili mtu asiende mezani akiwa na kesi na mwenziwe. Hata baada ya ibada ya Jumapili, uwanja wa majani mbele ya kanisa ulikuwa mahali pa usharika kukutana, kusikia habari, kukaribisha wageni na kupanga kazi.

Tatu, rika. Vijana wa zamani walikwenda vitani ngao kwa ngao, na aliyemwacha mwenzake alikuwa ameaibika maisha yake yote. Gutmann aliuchukua mfano huo, akawaunganisha vijana waliopata mafundisho pamoja katika undugu wa ngao. Kila mmoja alikuwa na wenzake wa kumtunza na wa kumwonya. Aliyeanguka hakuulizwa na mchungaji kwanza. Aliulizwa na mwenzake wa ngao.

Kwa hiyo mkatekumeni wa Kidia hakumaliza masomo na kwenda zake. Alikabidhiwa watu. Mawazo haya Gutmann aliyaeleza katika kitabu chake kuhusu ujenzi wa usharika kutokana na Injili, kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1925.

Jaribu la Mwaka 1920

Kazi ya mwalimu hupimwa siku asipokuwapo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Kiingereza iliwafukuza wamisionari wa Kijerumani. Mwaka 1920 Gutmann na wenzake waliondolewa nchini. Ni wachache tu, wenye asili ya nchi za Baltiki, walioruhusiwa kubaki katika eneo lote la kaskazini.

Wengi wangeweza kudhani kwamba sharika zingetawanyika. Haikuwa hivyo. Walimu wenyeji na wazee wa mitaa waliendelea kuongoza ibada, kuzika wafu, kuwapatanisha waliogombana, na kuendesha madarasa ya mafundisho. Katika miaka iliyofuata Walutheri wa Sinodi ya Augustana kutoka Marekani walikuja kusaidia, lakini mzigo wa kila siku ulibebwa na watu wa hapa hapa. Wao wenyewe walikuwa wamepita katika darasa la wakatekumeni, na sasa walilishika darasa hilo mikononi mwao. Katika historia yote ya Ulutheri mlimani, huu ni ushuhuda mkubwa kuliko jengo lolote la mawe.

Kurudi na Kazi ya Mwisho

Mlango wa wamisionari wa Kijerumani ulifunguliwa tena mwaka 1925, na Gutmann akarudi Old Moshi. Alikuta usharika uliokomaa na wenye maoni yake. Alikuta pia nchi iliyobadilika: kahawa ilikuwa imeenea katika vihamba, fedha ilikuwa mkononi mwa vijana, na watu walidai shule. Aliendelea kufundisha, kuandika, na kulitafsiri Agano Jipya katika Kichagga cha Moshi, ambalo lilichapishwa mwishoni mwa miaka ya 1930. Mwaka 1934 wachungaji wa kwanza wenyeji wa eneo la kaskazini walibarikiwa, na hivyo utumishi wa Neno na Sakramenti ukaanza kupita mikononi mwa wana wa nchi.

Gutmann aliondoka Kilimanjaro mwaka 1938. Mwaka uliofuata vita vingine vilianza, na kwa mara ya pili wamisionari wa Kijerumani waliondolewa kazini. Kwa mara ya pili pia usharika ulisimama. Vyuo vikuu vya Erlangen na Würzburg vilimheshimu kwa shahada za udaktari. Aliishi miaka yake ya mwisho huko Ehingen, katika jimbo la Bavaria, akapata kusikia kwamba mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Alifariki tarehe 17 Desemba 1966, akiwa na umri wa miaka 90.

Upungufu Wake

Kumheshimu mtumishi wa Mungu si kumfanya malaika. Gutmann aliupenda ulimwengu wa zamani wa Wachagga kiasi cha kuogopa mabadiliko ambayo Wachagga wenyewe waliyataka. Aliitilia shaka elimu ya Kizungu, miji na uchumi wa fedha, akiona vinamwacha mtu peke yake. Wazazi wengi Wakristo waliona vinginevyo. Kwao shule ilikuwa njia ya watoto wao kusimama sawa na watu wengine katika nchi iliyotawaliwa na wageni. Historia imeonyesha kwamba katika hilo wazazi waliona mbali kuliko mchungaji wao.

Tena, mafundisho yake juu ya damu, ardhi na taifa yalikaribiana na maneno yaliyotumiwa vibaya sana Ujerumani katika miaka ya 1930. Wanatheolojia waliofuata, kama Mholanzi J. C. Hoekendijk, walimkosoa kwa kuufanya ukoo na kabila kuwa karibu sawa na uumbaji wa Mungu usioguswa. Ukosoaji huo una uzito. Ubatizo unatuunganisha na watu tusiozaliwa nao wala kupakana nao. Usharika unaojengwa juu ya ukoo pekee hauna kiti kwa mgeni, kwa mjane asiye na ndugu, wala kwa aliyehamia kutoka mkoa mwingine.

Hata hivyo, kosa la kuvipenda vifungo kupita kiasi halifuti ukweli kwamba mtu hukua katika imani akiwa ameshikwa na wengine.

Urithi kwa Usharika Wetu

Tunapoingia katika karne ya pili, hali ya darasa la watu wazima inatutaka tufikiri. Siku hizi wengi wanaokuja kwa mafundisho wanakuja kwa sababu ya ndoa iliyokaribia, au kwa kuwa wanahitaji cheti. Tarehe ya arusi imekwisha kupangwa, kamati imekwisha kuchangisha, na mwinjilisti anaombwa amalize masomo katika majuma machache. Mwanafunzi hukariri, hubatizwa au hupata kipaimara, hupigwa picha, na baada ya hapo wengi hatuwaoni. Hatuwezi kuwalaumu wao tu. Mara nyingi hakuna mtu waliyekabidhiwa.

Maisha ya Gutmann yanatukumbusha mambo matatu. Kwanza, mtu mzima anastahili kusikilizwa kabla ya kufundishwa, kwa maana haji akiwa kibuyu kitupu. Pili, mafundisho yasiwe kazi ya mchungaji na mwinjilisti peke yao. Kila mkatekumeni apewe mzee wa mtaa na mwenzake wa kutembea naye, kama vile Akwila na Priskila walivyomchukua Apolo nyumbani kwao. Tatu, baada ya ubatizo jumuiya yake imjue kwa jina, imtembelee, na impe kazi ya kufanya. Jumuiya zetu za nyumba kwa nyumba zinaweza kuwa kwetu kile ambacho mtaa na ngao vilikuwa kwa Wakristo wa Kidia. Na kwa kuwa katika jumuiya hizo leo hukaa watu wa makabila mengi, zinaweza kuurekebisha hata upungufu wa Gutmann mwenyewe.

Miaka mia moja iliyopita wazee wetu walichukua muda mrefu kuufikia ubatizo, na walipobatizwa walidumu. Wamisionari walipoondolewa, wao hawakuondoka. Tukitaka watakaoadhimisha miaka mia mbili waikute taa ikiwaka, basi kazi ya kwanza iko katika lile darasa dogo la watu wazima, ambalo mara nyingi hukutana chumba cha nyuma bila kuonekana na wengi.

Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, ambaye kwa jina lake tulibatizwa, aubariki usharika wetu, awabariki wageni wetu wote kutoka Dayosisi na sharika jirani, na atupe moyo wa kuwalea wale anaotuletea. Amina.